Kumsikia Mtungaji na Kukisoma Kitabu Chake

Iko desturi moja ya Ulaya ambayo siku hizi yaenea katika nchi nyingi, na hata kwetu imekwisha kupiga hodi. Ni desturi ya kuwakusanya watungaji wa vitabu katika mji mmoja kwa siku kadhaa, na watu kukata tikiti ili waende kuwasikiliza. Huitwa sikukuu ya vitabu. Asiyeijua atadhani ni soko la vitabu tu. Soko lipo, lakini silo linalowavuta watu. Watu huja kumwona mtungaji kwa macho yao, kumsikia akisema, kumwuliza neno, na mwishoni kumpa kitabu atie sahihi yake. Katika mwezi wa pili wa mwaka 2013 sikukuu moja ya Wafaransa ya namna hiyo, iitwayo Étonnants Voyageurs, ambayo makao yake ni Saint-Malo, ilifika hata Brazzaville, ng'ambo tu ya mto ukitoka Kinshasa.

Basi nataka kuuliza swali moja juu ya desturi hiyo, wala si swali la mchezo. Je, kumsikia mtungaji kwamsaidia mtu kukisoma kitabu, au kwamnyang'anya kitabu chake? Nauliza kwa sababu mimi nimekwisha kunyang'anywa.

Nitatoa mfano wa Edinburgh, mji mkuu wa Uskoti, maana sikukuu yake ni ya zamani kuliko nyingi na yajulikana sana. Ilianza mwaka 1983. Hapo kwanza ilifanyika mara moja katika kila miaka miwili. Tangu 1997 imekuwa ya kila mwaka, katika mwezi wa nane. Kwa muda mrefu ilikuwa katika bustani ya Charlotte Square: mahema makubwa yamezunguka sanamu ya Prince Albert aliyepanda farasi, na kati ya mahema njia za mbao, kwani mvua ya Uskoti haina likizo. Mwaka 2020 ugonjwa wa Korona uliwazuia watu kukusanyika, mikutano ikapitishwa kwa intaneti. Mwaka 2021 sikukuu ilihamia chuo cha sanaa, na mwaka 2024 ikaingia katika majengo ya hospitali ya zamani, ambayo siku hizi ni ya chuo kikuu.

Mkutano wenyewe huchukua saa moja. Jukwaa dogo, viti viwili, meza, bilauri za maji. Kiti kimoja ni cha mtungaji, cha pili ni cha mwenye kuongoza mazungumzo. Huyu humsifu mgeni wake, kisha humwuliza habari za kitabu kipya. Maana karibu kila mara kipo kitabu kipya, nacho ndicho kilichomleta. Mtungaji hujibu, husoma kurasa mbili tatu, kisha wasikilizaji huinua mikono. Saa ikitimia, watu hupiga makofi, hutoka, huenda kupanga mstari mbele ya meza ya sahihi, na wengine huingia kuketi palepale penye joto lao. Kama treni kituoni: washukao washuke, wapandao wapande.

Sasa nieleze nilivyonyang'anywa. Ilikuwako hadithi moja ndefu niliyokuwa nimeisoma mara tatu. Sitaitaja, wala sitamtaja aliyeitunga, wala mji niliomsikia, maana yeye hana kosa. Katika hadithi hiyo baba mmoja aliyeikimbia nyumba yake arudi baada ya miaka mingi. Afika usiku. Asimama mlangoni, mkono umeinuliwa kupiga hodi, na sura yaishia hapo. Sura inayofuata ni habari za watu wengine kabisa. Je, alipiga hodi? Aliona haya? Au ni kiburi kilichomrudisha njiani? Rafiki yangu na mimi tulibishana juu ya mkono ule miaka miwili. Yeye alisema kiburi, mimi nilisema haya. Kwangu mimi kitabu chote kilikuwa kimesimama juu ya mkono ule.

Nikaenda kumsikia mtungaji. Mtu mmoja nyuma yangu akainua kidole, akauliza swali letu lile lile. Mtungaji akacheka. Akasema kwamba hapo kwanza aliandika sura nzima ambamo baba yule alipiga hodi, akafunguliwa, wote wakalia na kusameheana, lakini mchapishaji aliiona ndefu, akaikata. Tena akasema kwamba baba yule alikuwa mjomba wake mwenyewe, na kwamba mjomba huyo hakurudi kamwe, alifia mbali. Akaeleza vizuri, kwa ucheshi. Watu wakacheka, nami nikacheka pamoja nao. Nikapanga mstari, nikapata sahihi.

Nilipofika nyumbani nikafungua kitabu. Mlango ulikuwa wazi tayari. Niliposoma juu ya mkono ulioinuliwa sikumwona tena baba yule. Nilimwona mchapishaji na mkasi wake. Nikakiweka kitabu kabatini.

Huenda mmoja wenu atasema: Kosa ni lako, mtungaji amesema kweli, nawe wapenda giza kuliko nuru. Neno hilo si la kudharau. Lakini angalieni vizuri. Alichokisema mtungaji kilikuwa kweli juu ya jinsi kitabu kilivyotengenezwa. Hakikuwa kweli juu ya kitabu. Sura iliyokatwa haimo kitabuni, na mjomba hayumo. Seremala aweza kukuambia mti wa kiti ulitoka msitu gani. Hilo halikuambii kama kiti chastahimili mzito. Mtungaji ajua mambo ambayo wewe huyajui, lakini kitabu kikiisha kupigwa chapa, naye huwa msomaji mmoja kati ya wasomaji, hata akiwa ndiye mwenye haki ya kuketi mbele. Ubaya wa saa ile moja ni huu: mpango wake wote wamfanya awe mwenye neno la mwisho. Yeye ameketi jukwaani penye taa na kipaza sauti, sisi tuko chini gizani. Hakuna awezaye kusimama kumwambia: Bwana, umekosea juu ya kitabu chako.

Wala si lazima iwe hivyo. Zamani, katika mji ule ule wa Edinburgh, ulifanyika mkutano wa namna nyingine. Katika mwezi wa nane 1962 mchapishaji John Calder, pamoja na Sonia Orwell, mjane wa mtungaji George Orwell, na Mmarekani mmoja, Jim Haynes, aliyekuwa na duka la vitabu mjini, waliwaita watungaji wapata 70 wa nchi nyingi. Walikutana siku tano katika McEwan Hall, jumba kubwa la chuo kikuu, na watu wapata 2,000 walikuja kusikiliza. Hawakuitwa ili kila mmoja aeleze kitabu chake. Waliitwa kushindana kwa maneno, kila siku na jambo lake: namna za kuandika hadithi, maandiko ya Uskoti, kama yafaa mtungaji ashike upande katika siasa, kukatazwa kwa vitabu, na mwisho maisha ya hadithi ndefu katika siku zijazo.

Siku ya pili ndiyo iliyokumbukwa zaidi. Alisimama Hugh MacDiarmid, mzee aliyekuwa ametimiza miaka 70 mwezi ule ule, amevaa sketi ya kiume ya Kiskoti. Mzee huyu alikuwa ameshughulika miaka mingi kuipa lugha ya Kiskoti heshima katika ushairi, lugha ambayo wengi waliiona kuwa ni Kiingereza kilichoharibika, kinachofaa jikoni na shambani tu. Mbele yake alisimama Alexander Trocchi, mwenye miaka 37, mzaliwa wa Glasgow, aliyekuwa amekaa Paris na New York. Trocchi alimwona mzee kuwa mtu wa kijiji, aliyejifungia ndani ya ua wake na kuuita ua huo dunia. MacDiarmid alimwona kijana kuwa mtu asiye na mzizi popote. Walisemana kwa ukali, na jumba lote lilisikia.

Ni nani aliyekuwa na haki? Mimi moyo wangu uko upande wa mzee, na wasomaji wa gazeti lililoandikwa kwa Kiswahili hawatashangaa kwa nini. Hata hivyo Trocchi alikuwa na neno: lugha ya nyumbani haimpi mtu akili kwa kuwa ni ya nyumbani tu, na kuna washairi wabaya katika kila lugha iliyo chini ya jua. Lakini tazameni jambo hili: watu waliotoka katika jumba lile walitoka na swali, na swali lilikuwa lao. Hakuna aliyenyang'anywa kitu. Waliporudi nyumbani kuwasoma wawili wale, waliwasoma kwa macho makali zaidi, maana sasa walijua kuna vita na kila ukurasa una upande.

Sitaki kuupaka mkutano ule sukari. Walikuwamo wapenda sifa, na walevi, na waliokuja kutazama watu maarufu tu. Mwaka uliofuata, 1963, Calder alifanya tena mkutano, mara hii juu ya michezo ya jukwaani, na mbele ya watu wote mwanamke aliye uchi akapitishwa juu katika roshani ya jumba, ati ni sanaa mpya. Magazeti yakaandika hilo, na yaliyosemwa siku zile zote yakamezwa. Mkutano wa tatu haukufanyika. Mwaka 2012, miaka 50 baada ya ule wa kwanza, sikukuu ya vitabu iliurudia: siku tano, mambo yale yale matano, naye Ahdaf Soueif wa Misri alikuwa mmoja wa waliofungua mazungumzo. Ilifaa sana. Walakini ilikuwa ukumbusho. Mwaka uliofuata viti viwili na bilauri za maji vilikuwa palepale pake.

Sasa kumbukeni mwaka huo, 1962, kwa sababu upande wetu wa dunia nao ulikuwa na mkutano wake, miezi miwili tu kabla ya ule wa Uskoti. Katika mwezi wa sita watungaji wa Afrika walikutana katika chuo cha Makerere, Kampala. Walikuja Chinua Achebe, Wole Soyinka, Christopher Okigbo na J. P. Clark kutoka Nigeria, na Ezekiel Mphahlele wa Afrika ya Kusini. Alikuwako pia mwanafunzi wa chuo hicho, James Ngugi wa Kenya, aliyekuwa amechapisha hadithi fupi chache tu. Alimpa Achebe mswada wake ausome. Hapo twaona mkutano wa watungaji unavyoweza kuwa kitu chema kabisa: kijana asiyejulikana ampa mkubwa wake karatasi, na mkubwa akubali kuzisoma.

Lakini mkutano ule ulikuwa na jina, na jina lake lilikuwa mlango. Uliitwa mkutano wa watungaji wa Kiafrika waandikao kwa Kiingereza. Kwa hiyo kijana mwenye hadithi fupi mbili aliingia, na Shaaban Robert hakuingia. Shaaban Robert, mtungaji wa Kusadikika na Adili na Nduguze, aliyekuwa ameijaza rafu nzima kwa mashairi na hadithi zilizosomwa shuleni! Si kwamba walimchukia. Aliandika Kiswahili tu, basi. Na kwa Kiswahili hapakuwa na kiti. Alifariki dunia katika mwezi ule ule wa sita 1962. Mwaka uliofuata Mnigeria Obi Wali aliandika katika gazeti la Transition, lililotoka Kampala, kwamba maandiko ya Kiafrika yaliyofungwa katika lugha za Ulaya yanakwenda katika njia isiyotokea popote. Wengi walimkasirikia. Yule mwanafunzi, Ngugi, hakumsahau. Miaka mingi baadaye, akiitwa tayari Ngũgĩ wa Thiong'o na akiandika hadithi zake kwa Kigikuyu, alilitaja waziwazi jambo la Shaaban Robert katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya lugha na ukoloni.

Na hapa pana jambo la kuhuzunisha na kuchekesha pamoja. Ngũgĩ, mpaka alipofariki katika mwezi wa tano 2025, alialikwa katika nchi nyingi asimame mbele ya watu aeleze faida ya kuandika katika lugha ya mama. Aliwaeleza kwa Kiingereza. Simlaumu hata kidogo. Angesema Kigikuyu, ni wangapi katika wasikilizaji hao wangeelewa? Lakini hapo ndipo ionekanapo hali ya mikutano hii. Kitabu chaweza kukaa katika lugha yake kikamngoja msomaji miaka mia. Mtungaji aliyeketi jukwaani hawezi kungoja. Saa yake ni moja, lazima aseme lugha ya waliolipa.

Abdulrazak Gurnah ni mfano mwingine. Mzaliwa wa Unguja, Kiswahili ndiyo lugha ya utoto wake, naye huandika Kiingereza. Hadithi yake Paradise ilitoka mwaka 1994. Mwaka 2021 alipewa tuzo ya Nobel. Ndipo mwaka 2022 hadithi hiyo ikatoka kwa Kiswahili, imefasiriwa na Ida Hadjivayanis, nayo yaitwa Peponi. Hesabuni: miaka 28. Muda huo wote watu wa Uingereza waliweza kukisoma kitabu asubuhi, na mtungaji akipita mjini mwao wakamwuliza neno jioni. Mtu wa Pemba au wa Kalemie asiyejua Kiingereza hakuweza lile wala hili. Na kama mngeniambia nichague moja kati ya mawili, Gurnah aje Kalemie aseme saa moja, au Peponi nakala 10 zije zikae katika chumba cha kusomea, nisingefikiri mara mbili.

Je, basi, saa ile yote ni bure? La. Kuna dakika kumi ndani yake ambazo ningetembea mbali kwa miguu ili kuzipata: ni zile ambamo mtungaji anyamaza kueleza na kuanza kusoma.

Mnajua habari za Charles Dickens. Tangu 1858 mpaka 1870 alizunguka Uingereza, Uskoti, Ayalandi na Marekani akisoma vitabu vyake mbele ya watu, zaidi ya mara 400. Hakuulizwa maswali. Hakueleza alipata wapi mawazo. Alisimama nyuma ya meza aliyojitengenezea mahususi, akawa watu wote wa hadithi, mmoja baada ya mwingine, kwa sauti na kwa uso tu. Mwaka 1869 alianza kusoma mbele ya watu namna mwizi Bill Sikes alivyomwua Nancy. Alisoma kwa nguvu hata mshipa wake ulienda mbio, daktari akaupima na kuogopa. Mwaka huo huo aliishiwa nguvu katikati ya safari, akazuiwa. Alirudi kusoma mara chache za mwisho huko London tangu mwezi wa kwanza mpaka mwezi wa tatu 1870, na katika mwezi wa sita alifariki, ana miaka 58. Wengi husema kwamba kusoma kulimwua. Labda. Ila waliomsikia hawakupewa kitu cha nje ya kitabu. Walipewa kitabu chenyewe, kimetiwa pumzi.

Nasi jambo hilo si geni kwetu. Tenzi za pwani zilitungwa ziimbwe. Mwana Kupona alimtungia binti yake utenzi wake mwaka 1858, mwaka ule ule Dickens alipoanza safari zake, na mpaka leo unasomwa kwa sauti, na hakuna aliyepata kumwuliza mtungaji alikuwa na maana gani. Iko hata desturi njema ya watungaji wa tenzi: katika beti za mwisho wengi wao hutaja jina lao, huomba msamaha kwa makosa, na kuwasihi wenye kujua wayasahihishe. Sahihi imo ndani ya shairi. Na msomaji ameitwa kusahihisha, si kupiga makofi tu.

Katika watungaji wa siku hizi ajuaye jambo hili vizuri ni mtoto wa Lubumbashi, Fiston Mwanza Mujila. Huandika Kifaransa, naye akaa Graz, katika nchi ya Austria. Kitabu chake Tram 83 kilitoka mwaka 2014, na kwa haraka kikafasiriwa katika lugha nyingi. Si kitabu cha watoto, niseme mapema: ni habari za baa moja katika mji wa machimbo, na mambo ya baa yamo yote. Nilipokisoma mara ya kwanza kwa macho tu kilinichosha. Maneno yarudia-rudia, mtu aanza kusema akatwa na mwingine, orodha hazina mwisho. Nikafikiri: huyu angehitaji yule mchapishaji mwenye mkasi. Baadaye nikamsikia akisoma, katika sauti iliyonaswa. Hasomi, apiga. Koo lake ni saksafoni. Akata neno katikati, alirudia, alivuta, apumua kwa nguvu, na mara wajua kwamba yale yaliyokuchosha ni mapigo ya ngoma, na kwamba baa ile yasikika kabla haijaonekana. Nikarudi kitabuni, nikasoma kurasa zile zile kwa sauti, na jirani zangu wakavumilia. Hakuna maelezo ya saa nzima yangenifundisha hilo.

Ndiyo sababu nasema mpango wa saa ile umepinduliwa. Kusoma kumepewa dakika kumi, kama chumvi; maelezo yamepewa 50, kama ndiyo chakula. Na maswali ya wasikilizaji, Mungu atusaidie! Waandika asubuhi au usiku? Waandika kwa kalamu au kwa mashine? Ni nani katika hadithi yako aliye wewe mwenyewe? Tena yupo yule asiyeuliza swali lolote, bali ashika kipaza sauti na kueleza maisha yake, mpaka watu wakatazama viatu vyao. Mara chache, labda moja katika ishirini, husimama mtu aliyekisoma kitabu kweli. Atataja ukurasa. Atasema: hapa umeandika hivi, na kule vile, na mambo hayo mawili hayapatani. Mtungaji hunyamaza kidogo. Hapo tu ndipo niliwahi kumwona mtungaji akifikiri jukwaani, badala ya kukumbuka jibu alilolitoa katika mji aliotoka jana.

Juu ya malipo nitasema kidogo tu. Mwaka 2016 Philip Pullman, mtungaji mashuhuri wa Uingereza, aliacha cheo chake cha mlezi katika sikukuu ya vitabu ya Oxford kwa sababu watungaji walioitwa huko hawakulipwa. Mwenye hema hulipwa, mpishi hulipwa, msikilizaji hulipa, na yule ambaye wote wamekusanyika kwa ajili yake aambiwa kwamba ataburudika. Hakuna la kuongeza hapo.

Lakini kuna upande mmoja ambao lazima niuseme, maana wanizuia nisidharau jambo zima. Tarehe 12 Agosti 2022 Salman Rushdie alikuwa ameketi jukwaani huko Chautauqua, katika jimbo la New York, tayari kuanza mazungumzo. Alikuwa azungumze juu ya kuwapa kimbilio watungaji waliofukuzwa kwao. Kijana mmoja akapanda mbio na kisu, akamchoma mara nyingi. Rushdie alipona, ila jicho moja halioni tena. Aliyekuwa aongoze mazungumzo aliumizwa pia. Na wasikilizaji, watu wa kawaida waliokuwa wamekata tikiti, wengine wao wazee, walikimbilia jukwaani wakamshika mwenye kisu.

Tangu siku ile siwezi tena kusema kwamba watu wale wa viti vya chini huenda kutazama uso maarufu tu. Mtungaji aketiye mbele ya watu wasiomjua, mikono mitupu, ajitoa kwao. Na baadhi yao, siku ilipowajia, walijitoa kwake. Kitabu hakidamki mtu mwili namna hiyo. Nakubali. Hilo ndilo ambalo kuonana uso kwa uso kwatoa, na karatasi haiwezi kulitoa. Lakini angalieni kwamba waliokimbia jukwaani siku ile walikuwa hawajasikia hata neno moja la mazungumzo. Kama yupo aliyempenda mtu yule, alimpendea nyumbani, kwa kusoma.

Mstari wa sahihi nao nimeuwazia upya. Zamani niliucheka. Mtu asimama dakika 40 ili aandikiwe jina lake na mkono uliochoka. Siku moja mbele yangu alisimama mama mmoja mzee, na kitabu chake kilikuwa kimefungwa kwa uzi, kwa kuwa gamba lilikuwa limetoka. Wengine wote tulikuwa na vitabu vipya vya dukani. Alipofika mezani hakutaka sahihi. Alifungua ukurasa mmoja, akauonyesha kwa kidole, akasema neno ambalo sikulisikia, na mtungaji akasimama kutoka kitini akampa mkono. Kisha mama akafunga uzi wake, akaenda zake. Mazungumzo yao hayakuchukua nusu dakika.

Na kile kitabu changu cha kabatini? Kilikaa humo miaka minne. Rafiki yangu niliyebishana naye hakuhudhuria mkutano ule, wala mimi sikumweleza kilichosemwa. Niliona haya kumharibia. Mwaka jana aliniazima kitabu chake mwenyewe, pasipo kujua kwamba ninacho, na pembeni pa ukurasa ule alikuwa ameandika kwa penseli, zamani sana: *mkono gani?* Sikuelewa. Nikasoma tena. Ni kweli, mtungaji hasemi kama ni wa kuume au wa kushoto. Na sura tatu kabla ya hapo baba yule alikuwa amevunjika mkono wa kuume katika kazi ya reli, ukapona vibaya, asiweze tena kuuinua hata begani. Mtungaji hakulisema hilo jukwaani. Sidhani alikuwa analikumbuka.